Mustang GT kama gari la wikiendi Mtwara: mwaka mmoja na nusu na V8

Jumatatu hadi Ijumaa ninaendesha kirikuu. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Mtwara mjini, na kirikuu ndiyo inayobeba saruji, nondo na mabati mpaka Naliendele na kwingine wateja wanakojenga. Jumamosi nafunga duka saa nane mchana, nakwenda uani, navua turubai na kuwasha V8, injini ya silinda nane ya Mustang yangu. Majirani wameshazoea. Watoto wa nyumba ya tatu husimama ukutani kusikiliza, maana injini hii ikiwashwa ya baridi hunguruma kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha hutulia ikawa kama mashine ya kusaga inayosikika kutoka mtaa wa pili.

Gari lenyewe ni Ford Mustang GT ya mwaka 2016, kizazi cha sita, bluu iliyokoza, gia ya mkono. Nililipata Agosti 2023. Naandika kwa ajili ya mtu wa Mtwara, Lindi au Masasi ambaye gari la kazi analo tayari, ana akiba, na anafikiria gari la pili la kumfurahisha roho yake. Mengi yanayosemwa kuhusu magari haya yamesemwa na watu wenye barabara za njia nne. Sisi tuna njia mbili, matuta, malori ya saruji na mbuzi.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni kwa nini sikununua Prado. Prado ni gari zuri, na anayekwenda Liwale kila mwezi anunue Prado. Mimi nilikuwa nadai kitu kingine tangu utotoni. Baba yangu aliendesha lori la korosho miaka ya 1980. Nikiwa na miaka saba alinipakia safari moja ya kiangazi, Mtwara hadi Dar es Salaam. Tulilala njiani, tukapanga foleni kwenye kivuko cha Ndundu, Rufiji ikiwa pana na rangi ya chai ya maziwa. Katika safari ile nilichokishika ni sikio la baba. Hakutazama saa ya injini, ile ya mizunguko, hata mara moja. Alisikiliza, na mlio ukifika mahali anapopajua, mkono unakwenda kwenye gia wenyewe. Tangu hapo nimelitaka gari la kusikilizwa.

Nilianza na majina matatu ya Kimarekani: Dodge Challenger, Chevrolet Camaro na Mustang. Mawili ya kwanza yaliondoka kwa sababu ya usukani. Challenger ilitoka kiwandani na usukani wa kushoto peke yake mpaka uzalishaji ulipokoma Desemba 2023, na Camaro vilevile mpaka ilipositishwa. Jina la Mustang lilizaliwa Aprili 1964, lakini ni hiki kizazi cha sita, kilichoanza na toleo la 2015, ambacho Ford walikitengeneza kwa usukani wa kulia kwa mara ya kwanza kiwandani kwao.

Kwa wa Dar pengine usukani ni jambo dogo. Kwetu ni uhai. Ukikaa kushoto nyuma ya semitrela huoni kitu; lazima utoe nusu ya gari katikati ya barabara ndipo ujue kama kuna basi linakuja, au umtegemee abiria akuambie. Barabara ya Mtwara kwenda Mingoyo ina malori ya saruji ya kiwanda cha Dangote pale Msijute mwaka mzima, na kuanzia Oktoba yanaongezeka ya korosho. Sikutaka kukisia.

Wenzangu walinishauri Mark X, na ushauri wao una uzito. Nimeendesha ya rafiki, V6 ya lita 2.5, otomatiki. Inasukuma kwa magurudumu ya nyuma, imetulia barabarani, spea zake unazipata hata Masasi, na kila fundi ameshaifungua. Anayetaka raha ya gari la kusukuma nyuma bila kuhangaika, aishie hapo, na akiweza atafute ile ya lita 3.5. Sitamcheka kamwe. Mimi nilikosa gia ya mkono, na nilikosa mlio.

Ikabaki Mustang ipi. Kuna ya silinda nne, lita 2.3 yenye turbo, na kuna V8 ya lita 5.0. Ya silinda nne niliiendesha Dar, kutoka Masaki hadi Mbezi Beach na kurudi. Si gari baya hata kidogo: toleo la Uingereza la miaka ile lina nguvu za farasi 314, pua yake ni nyepesi, na kona inaikata kwa wepesi kuliko kaka yake. Nilipofika nilizima, nikakaa kimya, nikagundua sikumbuki sauti yake. Hapo jibu nikawa nalo.

Kuna na hesabu ya kodi ambayo wengi hawaifanyi. Ushuru wa bidhaa kwa gari la zaidi ya cc 2000 ni asilimia 10, na zote mbili, 2.3 na 5.0, zimevuka mstari huo. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18 havihesabu silinda, vinahesabu thamani. Kwa hiyo hakuna adhabu ya pekee ya kuchukua V8, unalipia tofauti ya bei ya gari na basi. Cha kuangalia kwa macho mawili ni umri, kwa sababu gari likishazeeka linaongezewa ushuru mwingine. Langu liliingia likiwa na miaka saba, na nililiharakisha kwa makusudi lisifikishe minane. Wakala aliyelitoa bandarini aliniambia kila kitu kimelipwa, kisha akarudi mara mbili na gharama mpya. Fanya hesabu yako kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujatuma pesa nje, ichape, nenda nayo mkononi.

Nililinunua Uingereza. Saa ya mwendo inasoma maili, lakini kwenye mipangilio unaweza kuonyesha kilomita kwa tarakimu. Fanya hivyo siku ya kwanza. Maili 50 ni kilomita 80, na katika kijiji chenye kikomo cha kilomita 50 tofauti hiyo ni faini.

Sasa kuendesha.

Kwenye karatasi lina nguvu za farasi 416, msokoto (nguvu ya kuzungusha) wa Nm 530, na sifuri hadi mia kwa sekunde 4.8. Hiyo ya mwisho sijaipima na sitaipima, kwa sababu hakuna mahali pa kuipima hapa pasipo na mtoto anayevuka. Raha yake kwetu iko kwingine. Jumapili saa kumi na mbili asubuhi nampitia baba Mikindani, bahari ikiwa bado imelala kama mafuta, tunashika njia ya Lindi. Vijijini ni 50, na trafiki wenye tochi za kupima mwendo wapo. Gia ya tatu kwa mwendo huo injini inazunguka kama mara 2,300 kwa dakika, na hapo ndipo sauti yake ilipo tamu: nzito, ya kifuani, bila kelele. Mtu akiwa kibarazani anainua uso, anatabasamu, anapunga mkono. Nikitoka kijijini naweka ya sita, na kwa 80 injini inashuka mpaka mizunguko 1,400 hivi. Inakwenda kama imesinzia.

Halafu lori. Hapa ndipo nguvu hizo zinapolipa. Unakaa mbali nyuma yake, unaona mbele kwa sababu umekaa kulia, unarudisha gia ya tatu, unatazama tena, unakanyaga. Semitrela iko nyuma yako kabla hujahesabu tano, na umerudi upande wako huku mbele bado kuna nafasi tele. Kwa kirikuu kupita lori ni jambo la kuombea dua. Nimeona ajali katika barabara hii zilizotokana na gari dhaifu kukaa muda mrefu upande usio wake. Siwezi kusema kwamba V8 ni kifaa cha usalama, lakini muda mfupi ninaokaa upande wa pili wa mstari naushukuru kila safari.

Baba hukaa kushoto, mkono dirishani. Breki ya mkono haikuhamishwa usukani ulipohamia kulia, imebaki upande uleule wa Kimarekani, kwa hiyo iko karibu na goti lake kuliko langu. Mwanzoni nilidhani itanikera. Siku hizi tukisimama mlimani baba huivuta mwenyewe bila kuambiwa, na tukitaka kuondoka huishusha nikimwitikia kwa kichwa. Nikichelewa kubadili gia husema, “Mama, usiibane. Iache ipumue.” Ana miaka sabini na sita na sikio lake halijakosea hata mara moja.

Klachi ni nzito kidogo kwa mguu uliozoea IST. Gia inataka mkono wenye uamuzi, hasa ya pili asubuhi kabla mafuta ya gia boksi hayajapata moto. Subiri kilomita tano, itakuwa laini. Viti ni vipana, na safari ya saa mbili haijawahi kumuumiza baba mgongo, jambo ambalo kirikuu haiwezi kuahidi. Lindi tunakunywa supu ya pweza na chapati, tunatazama ghuba, tunarudi kabla ya adhuhuri.

Matuta. Chini ya gari kuna nafasi ya sentimita kama 14, na pua ni ndefu. Rasta, vile vituta vidogo vya mfululizo, hazina shida. Matuta halali yanapitika ukienda kwa mshazari, gurudumu moja baada ya jingine, taratibu sana. Yale wanayojijengea wananchi wenyewe baada ya mtoto kugongwa, ambayo siwalaumu, mengine siwezi kuyapita kabisa. Kwa hiyo kila njia mpya naipima kwanza na kirikuu. Msimbati siendi nalo, ule mchanga ni wa RAV4 na pikipiki.

Niseme la Kiwalala kwa kirefu, kwa sababu ndilo lililonifundisha kulimiliki gari hili.

Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Aprili 2024, mvua inanyesha, tunarudi kutoka Lindi. Karibu na Kiwalala tairi la mbele kushoto likaingia kwenye shimo lililojaa maji. Ubavu ulichanika na rimu ikapinda. Gari hili haliji na tairi la akiba. Kwenye buti kuna pampu ndogo na chupa ya dawa ya pancha, na dawa hiyo inaziba tundu la msumari, haitibu ubavu uliochanika. Nikampigia fundi wangu. Akaja kutoka Mtwara na gurudumu la Mark X, akiamini litaingia, maana nati ni tano na duara lake lina kipenyo cha milimita 114.3, sawasawa na la Toyota. Halikuingia. Tundu la katikati la rimu ya Toyota ni milimita 60.1, habu ya Mustang ni 70.5. Na hata lingeingia, diski ya mbele ina kipenyo cha milimita 380, pamoja na kalipa yake isingeacha rimu ndogo izunguke.

Bibi mmoja aliyekuwa akitutazama kutoka kibarazani akasema, “Mwanangu, lilete uani. Mvua haitaisha leo.” Tukalikokota taratibu mpaka chini ya mwembe wake. Akampa baba kiti, akatupa chai na mihogo ya kuchemsha.

Jumatatu niliagiza rimu na tairi la 255/40 R19 Dar es Salaam, vije kwa basi. Kabla havijapakiwa, mvua na kimbunga Hidaya vikakata barabara maeneo ya Somanga. Mabasi yakasimama. Tairi likakaa Dar, gari likakaa Kiwalala siku kumi na saba. Kila nilipompigia mjukuu wa bibi aliniambia lipo, lipo, usiwe na wasiwasi. Nilipokwenda kulichukua nikakuta wamelifunika kwa turubai la kuanikia mihogo na kulizungushia kamba ili mbuzi wasipande juu ya boneti. Hakikupotea hata kifuniko cha nati. Nilimpelekea bibi mabati kumi. Alikataa kwanza, baba akaingilia, akakubali.

Tangu hapo sikai bila tairi mbili stoo: moja la mbele la 255/40 R19 lililofungwa kwenye rimu yake, na moja la nyuma la 275/40 R19. Ukitaka Mustang Kusini, weka bei ya tairi hizo ndani ya bei ya gari. Usizihesabu kama matengenezo ya baadaye. Mtwara sijazipata dukani, zangu zote zimetoka Dar.

Mengine ni ya kawaida kuliko watu wanavyodhani. Oili ni lita 7.6 za 5W-20, karibu mara mbili ya gari la kawaida. Plagi ni nane. Fundi wangu wa Magomeni, hapahapa Mtwara, alikuwa hajawahi kufungua V8 ya petroli, akakaa na kitabu cha gari siku kadhaa kabla hajagusa boliti, na mtu wa namna hiyo ndiye ninayemwamini. Filta naagiza sita kwa mpigo. Betri ya gari linalolala wiki nzima inakwisha, kwa hiyo nimenunua chaja ya taratibu, naichomeka Jumatano usiku. Chumvi ndiyo adui wa kweli. Upepo wa bahari unafika kila uani hapa mjini, na kila Jumapili nikirudi nalipiga maji baridi chini ya uvungu kabla hata sijavua viatu. Bomba za ekzosi na boliti za chini nazikagua kwa tochi kila mwezi.

Mafuta: tangi ni lita 61. Lindi kwenda na kurudi, kilomita kama 210, kwa mwendo wetu wa heshima linakunywa lita 24 au 25. Mjini ni mwendo wa lita 17 kwa kilomita mia, ndiyo maana mjini siliendeshi. Petroli ya kawaida ya kituoni inalitosha. Kwa mwezi, gari la wikiendi linanitoka pungufu ya kirikuu.

Jambo moja sitalifunika. Euro NCAP, wanaopima usalama wa magari Ulaya, waliipa Mustang hii nyota mbili kati ya tano mwaka 2017, wakieleza kwamba mifuko ya hewa ya mbele haikujaa vya kutosha katika jaribio na kwamba abiria wa kiti cha nyuma aliteleza chini ya mkanda. Toleo lililoboreshwa baadaye mwaka huohuo likapata nyota tatu. Viti vya nyuma ni vidogo hata hivyo, miguu ya mtu mzima haikai. Wanangu siwaketishi nyuma. Tukitoka familia nzima tunatumia IST, na wakinung'unika nawaeleza sababu. Kama gari lako la pili litabidi libebe watoto, usinunue hili. Kama una gari moja tu, usinunue hili. Kama nyumbani kwako kunafikika kwa njia ya mchanga au ya makorongo, maliza njia kwanza.

Lakini kama una uani wenye paa, fundi anayependa kusoma, pesa ya tairi pembeni na gari jingine la Jumatatu, chukua V8, chukua gia ya mkono, na usiongezewe maneno na dalali kuhusu ile ya 2.3.

Mwezi uliopita alikuja mwalimu mmoja kutoka Masasi ambaye ameweka akiba miaka mingi na alikuwa bado anayumba kati ya hii na Crown. Nilimpa ufunguo. Tulikwenda mpaka Mikindani na kurudi, sikumwambia kitu, baba alikuwa amebanwa kiti cha nyuma kwa hiari yake. Tulipofika uani mwalimu akazima injini, akabaki ameshika usukani.

Baba akamgusa bega. “Washa tena, mwanangu. Safari hii usitazame saa.”